Bibi Nyanzala na Kidonda cha Kiangazi

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma mmeitikia kama watu wanaosubiri pilau. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Hapo kale, kale ya mbali ambayo hata mimi na mvi zangu hizi sikuikuta, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Nimetembea sana, miguu yangu ni shahidi na viatu vyangu ni marehemu, na hadithi hii nimesimuliwa katika vijiji vitatu. Kila kijiji kiliapa kwamba mambo haya yalitokea kwao. Cha nne kilinifukuza kabla sijauliza.

Kijiji hicho kilikuwa cha wachemsha chumvi. Bahari hawakuijua. Chumvi yao ilitoka bondeni, kwenye udongo mweupe. Kiangazi kikiingia, waliukwangua udongo ule, wakautia vikapuni, wakamimina maji juu yake. Maji yakachuruzika chini ya kikapu, to, to, to, yakaingia chunguni. Chungu kikapanda jikoni. Bwata, bwata, bwata. Maji yakaenda zake, chumvi ikabaki. Masika yakija walizima moto, wakashika majembe, wakalima kama watu wengine.

Kila ukoo ulikuwa na jiko lake. Nikisema jiko msifikirie mafiga matatu ya kupikia mboga. Lilikuwa mtaro mrefu wa moto, vyungu ishirini vimepangwa juu yake, paa la nyasi, na kuta fupi zilizoacha nafasi chini ili upepo upite.

Na katika banda la chumvi, hakuna kukaa. Sikieni vizuri. Hakuna kukaa! Watu wa kijiji kile waliamini kwamba mwenye jiko akikaa, chumvi inaingiwa na uvivu, inabaki majini, haitaki kutoka. Kwa hiyo bandani hapakuwa na kigoda, wala gogo, wala jiwe la kuegemea. Ulisimama tangu moto unawashwa mpaka chumvi inakauka. Aliyesinzia alisinzia wima, kama korongo.

Basi palikuwa na mwanamke akiitwa Kalunde. Alikuwa mjane, mama wa watoto wanne, na jiko lake alilirithi kwa mama yake. Chumvi ya Kalunde ilikuwa nyeupe, kavu, haishikani. Wasafiri waliokuja na majembe na vitambaa kubadilishana waliuliza kwanza, "Ya Kalunde ipo?" Ikiwa haipo ndipo walipoangalia za wengine. Kalunde alilijua hilo, nalo lilimfanya atembee shingo juu.

Siku moja kijiti cha kuni kikamkwaruza mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Mkwaruzo wenyewe kuku asingegeuka kuutazama. Kalunde akapangusa damu kwa kidole, akaendelea na kazi.

Baada ya siku kumi, kidonda kilikuwa kama punje ya harage.

Baada ya mwezi, kilikuwa kama kiganja cha mtoto.

Kilitoa majimaji mchana, kikawasha usiku. Ngozi ya pembeni ikawa nyeusi, ikakakamaa kama ngozi ya ngoma. Na harufu yake Kalunde aliisikia kabla ya wengine, akaanza kukaa mbali na watu kwenye sherehe, akisema anapenda upepo.

Masika yakaja. Kidonda kikapungua, kikapungua, kikabaki kama jicho la njiwa. Kalunde akashukuru. Kiangazi kikaingia, akarudi bandani, na kidonda, pa! Kikafunguka kuliko mwanzo.

Watu wakasema, "Mzimu wa chumvi haumtaki." Wengine wakasema, "Ni donda ndugu hilo, haliponi." Wakaja kumpa pole.

Na hapa pana desturi nyingine ya kijiji kile. Kwenda kumwona mgonjwa bila kukiona kidonda chenyewe ilikuwa tusi. Na kwenda mikono mitupu ilikuwa aibu. Kwa hiyo kila aliyekuja alisema, "Funua tuone." Wakafunua. Wakaona. Wakasema pole. Wakapaka. Wakaenda.

Wa kwanza alipaka majivu. Wakafunua, wakaona, wakasema pole, wakapaka, wakaenda.

Wa pili alipaka masizi ya chungu. Wakafunua, wakaona, wakasema pole, wakapaka, wakaenda.

Wa tatu alipaka kinyesi cha ng'ombe. Wa nne aliondoa kinyesi cha wa tatu, akapaka samli. Wa tano alileta unga wa gome uliowasha kama pilipili, Kalunde akalia machozi, na wa tano akafurahi akasema, "Inaingia!"

Mihayo, binamu yake, mtoto wa mjomba, alileta asali. Nusu aliila njiani.

"Binamu," akasema Mihayo, akitazama mguu, "kidonda chako kimekua hata kimeanza kufanana na mimi."

"Kifanane nawe wapi?" akajibu Kalunde. "Kidonda changu kinaamka alfajiri."

Wakacheka. Walikuwa watani tangu utotoni. Lakini wote wawili walijua jambo ambalo hawakulitaja. Sheria ya majiko ilisema kwamba mtu akishindwa kusimamia jiko lake viangazi vitatu, jiko linakwenda kwa ndugu anayefuata. Kiangazi cha kwanza cha kidonda Kalunde alizima moto kabla ya wakati. Cha pili kilikuwa kinaelekea kulekule. Na ndugu anayefuata alikuwa Mihayo.

Siku hizo ndipo alipofika Bibi Nyanzala.

Bibi Nyanzala hakuwa mganga. Alikuwa mkandikaji wa nyumba. Kila mwaka kiangazi kikielekea kuisha, alipita kijiji hadi kijiji akiziba nyufa na kukandika kuta kabla mvua haijaanza. Alikuwa mfupi hasa. Kukandika sehemu za juu alipindua kinu akapanda juu yake. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka, shavuni ana tumbaku, na mdomo wake ulikuwa hauna breki, ingawa breki zenyewe wakati huo zilikuwa hazijazaliwa.

Alikuwa kwa Kalunde, anakandika, wageni wakaja. Wakafunua. Wakaona. Wakasema pole. Wakapaka. Wakaenda. Kabla udongo haujakauka mikononi mwa bibi, wakaja wengine. Wakafunua.

Walipoondoka wa tatu, Kalunde akaona haya. Bibi wa watu yuko pale tangu asubuhi na hajakaribishwa kuuona mguu.

"Bibi, shikamoo tena. Wewe hujaniona kidonda. Njoo nikufunulie."

"Sitaki kukiona," akasema Bibi Nyanzala.

Jirani aliyekuwa mlangoni akaziba mdomo kwa kiganja. Kalunde akauvuta mguu wake. Tusi lile hakuwahi kutukanwa.

"Nimekukosea nini, bibi?"

"Hujanikosea. Hicho kidonda kimeshaonwa na kijiji kizima, na kuku wawili, na mimi nimekiona kwa pembeni bila kutaka. Nataka kukuona wewe. Niambie, mjukuu wangu, jana ulishindaje?"

"Nilishinda na maumivu, bibi."

"Sijakuuliza ulishinda na nani. Ulishindaje? Miguu yako ilikuwa wapi kutwa?"

"Chini, bibi. Miguu ya watu huwa wapi?"

"Inategemea na mtu," akasema bibi. "Kesho nakuja bandani nishinde na wewe."

Kukacha, akaja. Akasokota uzi wa majani, akaufunga kwenye mguu wa Kalunde juu kidogo ya kidonda, umelegea. Akapitisha kidole chake kati ya uzi na ngozi. Kikapita. Akasimama pembeni, akatafuna tumbaku yake.

Moto ukawaka. Bwata, bwata, bwata. Kalunde amesimama.

Jua likapanda kidogo. Bibi akainama, akajaribu kidole. Kikapita kwa shida.

Jua likawa la utosi. Bibi akainama, akajaribu kidole. Hakikupita.

Jua likaelemea upande. Uzi ulikuwa umezama kwenye nyama, hauonekani. Bibi akauingizia ukucha, akaukata. Tap! Kisha akabonyeza muundi kwa dole gumba, akaliondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye udongo mbichi. Na kidonda kikawa kinadondosha majimaji juu ya kisigino, to, to, to, kama kikapu cha chumvi.

"Ule ukuta wako wa nyuma, penye mtungi wa maji," akasema bibi. "Nimeukandika mara ngapi?"

"Kila mwaka, bibi."

"Na kila mwaka?"

"Unabanduka."

"Mwaka huu sijaukandika. Nimeuhamisha mtungi."

Kalunde akamtazama.

"Maji yanashuka mguuni kutwa nzima," akasema bibi, "na kupanda yameshindwa. Ngozi yako imelowa kwa ndani. Wenzako wanapaka kwa nje. Wangekupaka hata dhahabu ingebanduka. Masika unapolima unatembea, unainama, unakaa chini kula, mguu unapumzika, kidonda kinapungua. Kiangazi unasimama kama nguzo, kidonda kinafunguka. Mzimu gani huo unaojua majira?"

Kalunde alitaka kucheka, akashindwa. Viangazi viwili alikuwa anauchukia mguu wake kama mtoto mwizi. Sasa aliutazama, akauonea huruma.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Zima moto. Kalale."

"Nikizima moto, hiki ni kiangazi cha pili."

"Najua kuhesabu mpaka mbili," akasema bibi. "Ukiendelea, nenda. Jiko ni lako. Ila mwaka wa kesho utakuja na mguu mmoja, na sijui chumvi inasemaje kuhusu hilo."

Kalunde akazima moto. Shwaa! Moshi mweupe ukajaa bandani.

Siku ya pili Jumbe Kasanda akaja. Jumbe huyu alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ana kawaida ya kuchosha. Akasimama mlangoni, akasema, "Kalunde, viangazi viwili. Kiangazi kijacho, siku ya moto wa kwanza, utawasha, utasimamia, chumvi itatoka. Ikishindikana, jiko ni la Mihayo."

"Nimesikia, Jumbe."

"Pole na mguu. Funua nione."

Hapo ndipo kazi ya Bibi Nyanzala ilipoanza, na masika yale hakwenda kijiji kingine.

Alichemsha maji, akatia chumvi kidogo ya Kalunde mwenyewe, akayaacha yapoe. Akasafisha kidonda, akatoa majivu, masizi, samli, gome, na vitu vingine ambavyo hata yeye hakuvitambua. Akaweka kitambaa laini kilichochemshwa. Kisha akachukua ukanda mrefu wa nguo ya magome, uliopondwa mpaka ukalainika, akaanza kuzungusha kutoka kwenye vidole, kisigino, kifundo, mpaka chini ya goti. Akamlaza, miguu juu ya gogo, iwe juu kuliko moyo.

Jua halijasogea, Kalunde akapiga kelele. "Bibi! Vidole vimekufa!"

Bibi akaja mbio. Kweli, vidole vilikuwa vya baridi, vimegeuka rangi kama zambarau. Akaufungua ukanda haraka, akavisugua vidole mpaka vikawa vya moto.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Nimezoea kuta. Kuta hazilalamiki." Akafunga upya, mkazo wa kuzuia maji, si wa kunyonga mguu. "Vidole vikiwa vya baridi, au vikifa ganzi, fungua. Usinisubiri mimi, wala usione haya."

Akamwambia ale maharage, samaki, mayai. Jirani akasema mwenye kidonda hali mayai, yanakilisha kidonda. Bibi akamuuliza, "Na nyama mpya utaifinyanga kwa nini, kwa pole zenu?"

Akamwambia atembee kidogo kila siku, achezeshe kifundo, asisimame pale pale. Na kidonda kisifunguliwe ovyo. Siku tano, au kikilowa sana kabla ya hapo.

"Siku tano!" akasema Kalunde. "Na wageni? Nikikataa kufunua, watasema nimewadharau."

Bibi akatafuna, akafikiri. "Usikatae."

Wageni wakaja. "Funua tuone."

"Karibuni," akasema Bibi Nyanzala. "Anayefunua ndiye atakayefunga. Kuanzia vidoleni mpaka gotini. Nitakagua."

Mgeni wa kwanza akakubali. Mikono akanawishwa mpaka kwenye viwiko. Akafunga, bibi akasema, "Umelegea." Akafungua, akafunga. "Umebana." Akafungua, akafunga. "Umeruka kisigino." Jasho likamtoka. Mbuzi wake wakatoroka. Akaenda kusimulia kijiji kizima.

Tangu siku ile watu waliuliza wakiwa mlangoni, "Hujambo, Kalunde? Usijisumbue kufunua."

"Basi na mikono mitupu msije," akasema bibi. "Leteni cha kula."

Wakaja. Wakakaa. Wakaongea. Wakaacha maharage. Wakaenda. Mihayo alileta mayai sita, na yalifika sita, maana yai bichi halilambiki njiani.

Mnadhani kidonda kikapona? Ngojeni kwanza. Mimi mwenyewe siku ya kwanza kuisikia hadithi hii nilidhani ndio mwisho, nikaanza kuaga, wakaniambia kaa chini.

Mwezi wa kwanza haukuonyesha kitu.

"Bibi, hakiponi," akasema Kalunde.

Kila alipofungua, bibi alikata ujiti wenye urefu sawa na kidonda, akauchomeka kwenye nyasi za paa. Akazishusha njiti, akazipanga. Wa leo ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza kwa upana wa punje ya mtama.

"Hiyo tu?" akasema Kalunde.

"Hiyo tu. Kidonda cha viangazi viwili ulitaka kiondoke kwa kukimbia?"

Mwezi wa pili, punje nne. Mwezi wa tatu ujiti ukarefuka. Bibi akautazama, akamtazama Kalunde. Kalunde akainamisha kichwa.

"Nilisimama siku tatu kupanda mbegu," akasema. "Niliona aibu watu wananilimia."

Bibi hakumgombeza. Aliuchomeka ujiti ule pamoja na wenzake. "Nao ukae hapo. Usidhani nitaukata kidogo ili ukufurahishe."

Mvua ikaisha. Mtama ukavunwa. Mwezi wa saba bibi akafungua ukanda, akataka kukata ujiti, akakosa pa kupima. Pale palipokuwa na kidonda palikuwa na ngozi changa, inang'aa, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kalunde akalia. Bibi akamwacha alie, kisha akasema, "Kimefunga. Hakijakomaa. Ukanda huu ni wako mpaka uzeeni, unaufunga asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Na ukisimama kutwa nzima bandani, kitafunguka."

Moto wa kwanza ulikuwa kesho yake.

Jioni ile Kalunde alikaa mlangoni, mguu juu ya gogo. Alifikiria. Akisimama, atalipata jiko na kurudisha kidonda. Akikaa, atakuwa amevunja mwiko, na chumvi ikikataa atalikosa jiko mbele ya kijiji kizima. Watoto wanne walikuwa ndani, anawasikia wanagombania kijiko.

"Bibi, siku moja tu? Nisimame siku moja, kisha nilale mwezi?"

"Mguu nimeupima ujiti kwa ujiti," akasema Bibi Nyanzala. "Chumvi siijui. Wewe ndiye unayeijua. Mwenye jiko akikaa, chumvi inafanya nini?"

"Wanasema inakuwa mvivu."

"Wewe umeiona?"

Kalunde akakumbuka viangazi vyake vyote. Hakuwahi kuiona. Hakuna aliyewahi kuiona, maana hakuna aliyewahi kukaa.

Asubuhi kijiji kilikusanyika. Kalunde akaja. Mkono mmoja ameshika kigoda. Mkono wa pili ameshika gogo. Akakiweka kigoda mbele ya jiko la mama yake, akakaa, akapandisha mguu juu ya gogo.

Haa! Kijiji kizima kikavuta pumzi.

"Kalunde," akasema Jumbe Kasanda, "unafanya nini?"

"Nachemsha chumvi, Jumbe."

"Umekaa."

"Ndiyo, Jumbe."

"Chumvi itakuwa mvivu!"

"Ikiwa mvivu, kabla jua halijazama jiko ni la Mihayo, nami nitamkabidhi kwa mikono yangu. Lakini niacheni nichemshe."

Jumbe alikuwa mtu wa haki, nilishasema. Akasema, "Chemsha."

Akawasha. Kuni akazisukuma kwa upondo mrefu, vyungu akavikoroga kwa kata yenye mpini. Bwata, bwata, bwata. Asubuhi yote moto uliwaka vizuri. Habari ikatembea: Kalunde kakaa! Walioko mashambani wakaja. Walioko kisimani wakaja. Wakajaa ndani, wakajipanga nje kuzunguka banda, bega kwa bega, wazee mbele ili waone.

Jua likafika utosini. Bwata… bwata… bwa… Vyungu vikapoa. Maji yakatulia kama maji ya kunawa.

"Mnaona?" mtu akanong'ona. "Chumvi imelala."

"Imemfuata mwenyewe."

Kalunde akatafuta uso wa Bibi Nyanzala. Bibi alikuwa kwenye kona, mfupi, kaminywa kati ya watu wawili warefu, anatafuna. Chumvi hakuijua.

Mihayo akajipenyeza mpaka karibu. Akasema chini chini, bila mzaha, "Binamu, simama. Kidogo tu. Mimi nitaangalia pembeni, na Jumbe nitamkanyaga mguu asione."

Kalunde akashusha mguu. Akaweka viganja kwenye magoti. Akainama mbele ili ajiinue.

Na alipoinama, kichwa chake kikawa usawa wa mdomo wa moto.

Akaona moshi.

Miaka yote alisimama, na moshi aliujua kama kitu cha juu, cha kwenye paa na machoni. Sasa aliuona chini. Ulikuwa unatoka mdomoni mwa jiko kurudi kwake, unatambaa kwenye sakafu kama maziwa yaliyomwagika. Moto ulikuwa unapumua kinyume. Akatazama ng'ambo ya jiko, kule kwenye nafasi za chini ya ukuta ambako upepo huingilia. Hakuona mwanga. Aliona miundi. Miundi ya vijana, miundi ya wazee, magoti, vifundo, ukuta mzima wa miguu ya watu.

Kalunde akarudi kukaa. Mguu akaurudisha juu ya gogo.

"Sogeeni," akasema.

"Nini?"

"Upande wa upepo wote, tokeni. Mmeuziba moto pumzi."

"Hata mimi?" akauliza Jumbe Kasanda.

"Hasa wewe, Jumbe. Una kanzu pana."

Watu wakasitasita. Mihayo akageuka, akapanua mikono kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. "Hamjasikia? Toka! Toka na miguu yako!" Akawatoa mmoja mmoja, hata waliokuwa wanamwombea yeye jiko.

Upepo ukaingia. Shwaa! Moto ukanyanyuka mtaro mzima, kutoka chungu cha kwanza mpaka cha ishirini. Bwata, bwata, bwata, bwata! Kalunde akakoroga, akasukuma kuni, jasho linamtiririka puani. Ukingoni mwa chungu cha kwanza ukatokea utando mwembamba kama wa maziwa. Ukawa mzito. Ukaanza kulia, chwi, chwi, chwi. Maji yakaenda zake.

Chumvi ikabaki. Nyeupe. Kavu. Haishikani.

Kalunde akateka kwa kata, bado amekaa, akamnyooshea Jumbe. Jumbe akachukua punje mbili. Akaweka ulimini. Akafumba macho. Kijiji kizima kikamtazama kidevu.

"Ni chumvi," akasema.

Aliondoka, mikono nyuma. Lakini kesho yake asubuhi watu walimwona anapita nyuma ya nyumba kwenda kwenye jiko la ukoo wake, na chini ya kanzu yake pana palikuwa na kitu chenye miguu mitatu.

Mihayo alibaki amesimama mbele ya jiko ambalo saa chache kabla lilikuwa karibu kuwa lake. Akalitazama, akamtazama Kalunde.

"Binamu," akasema, "nyanyuka kidogo nijaribu hicho kigoda."

"Nenda kachonge chako," akasema Kalunde.

Bibi Nyanzala hakufanyiwa sherehe. Alipotafutwa alikuwa ameshaondoka. Kijiji cha pili kulikuwa na ukuta unamsubiri. Kuta zake zote zilishaanguka, maana udongo ni udongo. Kaburi lake vijiji vitatu vinagombania. Kalunde alichemsha chumvi mpaka alipoota mvi. Kidonda kilifunguka mara moja tu, uzeeni, alipocheza siku tatu kwenye harusi ya mjukuu. Hakumfunulia mtu. Alifunga ukanda, akapandisha mguu juu, akakata ujiti wa kwanza.

Basi funzo ni hili, nami nalisema nikijijua, maana nimewahi kupakwa dawa ya kila mtu niliyekutana naye safarini, mpaka nikawa nanuka kama duka. Kidonda kinachokataa kupona kina kitu kinachokifungua kila siku. Kitafute kitu hicho katika maisha ya mgonjwa, muulize ajuaye, kisha uwe na subira ya kuhesabu punje. Na ukienda kumpa pole mwenzako, angalia usije ukawa wewe ndiye uliyemzibia upepo.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye kuitaka aibebe aende nayo. Mimi mgongo unaniuma.